Frigo Iliyomsingizia Papa Zakaria

Vijana wangu wa frigo, mkipita hapa kwangu Muheto na mikoba yenu mgongoni, mkashuka kwenye moto, hizo pikipiki zenu, na kunikuta nalima maharagwe, mnaniuliza swali lile lile: "Mama Jozefina, iko kweli kama zamani mulikuwa munatafuta gazi na pua?"

Ni kweli. Tuliitafuta gesi hiyo kwa pua, kwa sabuni, kwa moto wa taa, na siku nyingine kwa sala. Ninyi mna kile kijimashine kinacholia pip-pip-pip kama kifaranga aliyepotewa na mama yake. Sikidharau. Nimekishika, nimekiona kikipata tundu ambalo mimi ningelitafuta siku mbili. Lakini nimekiona pia, kwenye sherehe moja, kikiiacha konjelateri, sanduku la kugandisha barafu, inayovuja na kwenda kumlilia bwana harusi, kwa sababu ya manukato aliyojimwagia. Fundi alimzunguka yule bwana mara tatu, akimpitishia kijimashine kwapani. Mashine hainusi gazi peke yake, watoto wangu. Inanusa kila kitu, kama jirani.

Mimi nilifundishwa kazi Masisi na Papa Anselimi, aliyekuwa na atelieri, karakana ya chumba kimoja nyuma ya soko. Alikuwa fundi kuliko wote niliowajua, na pua yake ilikuwa imekufa. Miaka mingi ya gazi kali iliichoma mpaka hakuweza tena kusikia harufu ya samaki aliyeoza mbele ya mdomo wake. Akifika kwenye frigo alikuwa anachuchumaa, anagusa bomba kwa vidole kama daktari anayetafuta mshipa, kisha ananiita: "Jozefina, kuya uniazime pua."

Yeye ndiye aliyenifundisha sabuni. Unakata sabuni ya kipande, unaiweka kwenye maji ya uvuguvugu, unakoroga taratibu kama unamkorogea mgonjwa uji. Unapaka kwenye kiungo cha bomba. Kisha unatulia, unasali Baba Yetu nzima, mpaka Amina. Tundu dogo halina haraka, povu lake linaota polepole kama uyoga. Ukifika "utupe leo mkate wetu" ukahamia kiungo kingine, umeliacha nyuma yako linacheka.

Mimi nilianza vibaya. Kwa mama mmoja muuza samaki nilitikisa chupa ya sabuni kama dawa ya kikohozi, nikapaka bomba zima povu tupu, halafu nikaita kwa shangwe kwamba nimepata matundu kumi na moja. Bomba lenyewe halikupita urefu wa mkono wangu. Papa Anselimi akaja, akainama, akaangalia.

"Binti yangu," akasema, "hii haiko bomba tena. Iko kichungio cha chai."

Lakini kosa ninalotaka kuwaambia leo lilikuwa kubwa kuliko hilo, na nililifanya nikiwa tayari fundi kamili, na atelieri yangu mwenyewe.

Kwanza mjue frigo ya petroli, yaani ya mafuta ya taa, maana ninyi mmezikuta zimeshageuzwa makabati ya nguo. Haikuwa na kompresa wala mota. Haikulia. Chini yake kulikuwa na utambi unaowaka, na moto ule, ajabu ya Mungu, ndio uliotengeneza baridi. Nyuma yake kulikuwa na mabomba ya chuma, na ndani ya mabomba maji na gazi inayoitwa amoniaki, vimefungiwa humo toka kiwandani na havitakiwi kutoka mpaka mwisho wa dunia. Vikitoka huhitaji mashine yoyote. Amoniaki inanuka mkojo. Sisemi kama mkojo. Nasema mkojo wenyewe, wa choo cha soko siku ya jua kali.

Mimi nilijua hayo yote. Mkumbuke hilo, mtakapoanza kunicheka.

Siku moja niliandikiwa barua kutoka santere, kituo cha afya cha kijiji kimoja upande wa Walikale, ukivuka Ntoto. Jina la kijiji silisemi, kwa sababu wengi wa watu wale bado wako hai na bado wana haya. Barua ilikuwa ya munganga wa pale, muuguzi Mama Esperansi, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache. Iliandikwa: "Frigo ya chanjo haipoe tena. Siku ya chanjo iko Jumapili nyuma ya ibada. Kuya mbio." Hakuna neno lingine.

Nilikwenda kwa moto ya kukodi mpaka pale barabara ilipokata tamaa, kisha kwa miguu na mkoba kichwani. Nilifika Ijumaa mchana. Mbele ya mlango wa santere nikakuta wanaume watano wamekaa kwenye benchi moja, wamebanana. Kila mmoja anamwangalia wa pembeni yake.

"Jambo, bapapa. Munangoja munganga?"

"Hapana, Mama," akajibu wa kwanza. "Tunachungana."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikaingia. Na pale mlangoni harufu ya mkojo ikanipiga usoni kama kofi.

Mama Esperansi aliniketisha akanieleza, huku amefunga pua kwa kitambaa. Mambo yalianza wiki kadhaa nyuma. Santere ilikuwa na mlinzi, mzee mmoja mpole aitwaye Papa Zakaria, ambaye kazi yake ilikuwa kulala katika chumba cha chanjo na kuongeza petroli. Harufu ikaanza. Watu wakatafuta, wakakuta nyuma ya frigo, chini, alama za manjano zimekauka kwenye saruji. Harufu ya mkojo, rangi ya mkojo, na mzee mmoja peke yake chumbani. Kijiji kilihitaji ushahidi gani tena? Papa Zakaria akasimamishwa kazi. Mke wake akaacha kuimba kwaya, kwa sababu kila aliposimama mbele, wasichana wa nyuma walikuwa wanashika pua.

"Tulimufukuza," Mama Esperansi akasema, "harufu ikabakia. Njo tukaweka mulinzi mwingine. Harufu ikazidi. Kapita akasema tuweke muntu wa kumuchunga ule mulinzi. Nyuma yake tukaweka muntu wa kuchunga ule anamuchunga. Sasa biko batano."

"Na harufu?"

"Mama, si una pua?"

Kapita, mkuu wa kijiji, alipoona walinzi watano hawatoshi, aliwasikiliza wale waliosema kwamba si mtu, ni fungo anayeingia kutoka msituni kutia alama zake. Akaitwa Papa Byamungu, mwindaji. Papa Byamungu akatega mtego wa kamba mlangoni mwa chumba cha chanjo, mtego mzuri, wa kazi. Siku ya pili ukakamata. Watu wakakimbia na mapanga. Wakamkuta kapita mwenyewe, mguu mmoja uko juu, kofia iko chini, anawaambia alikuwa amekuja kukagua.

Toka siku hiyo na kapita akawa mshukiwa.

"Basi kesho asubui," Mama Esperansi akamalizia, "banaume bote bataapa. Pastor ataleta Biblia. Bazee banasema Biblia peke yake haitoshi, kila muntu aruke mukuki yenye italazwa chini, sababu mwongo anajikwala. Pastor amekubali, kama Biblia itawekwa juu ya ule mukuki."

"Na juu ya harufu hukuniandikia, sababu gani?"

Akanishangaa. "Mama Fundi, weye uko wa frigo. Mambo ya mukojo niliandikia pastor."

Sasa, watoto wangu, hapo ndipo fundi yeyote mwenye akili angesimama, akapiga paji lake la uso, akasema: aa! Frigo haipoi na chumba kinanuka mkojo, hayo ni maneno mawili au neno moja? Mimi sikusema hivyo. Nilikuwa nimechoka, miguu imejaa tope, na nilikuwa nimeshasikiliza hadithi ya mkojo kwa muda mrefu hata mkojo ukaniingia kichwani. Niliona alama za manjano nyuma ya frigo. Mnajua nilifanya nini? Niliomba ndoo na ufagio. Nikasema siwezi kuchuchumaa kwenye uchafu wa wanaume. Nikamwaga maji, nikasugua, nikazifuta zote.

Ile manjano haikuwa mkojo. Ndani ya mabomba yale, pamoja na amoniaki, kiwanda kinatia dawa ya kuzuia kutu, na dawa ile ni ya manjano. Ikionekana nje, ni barua iliyoandikwa na tundu lenyewe: niko hapa. Ni sumu pia, haishikwi kwa mkono mtupu. Mimi nililiona tundu limejiandika, nikaenda kulifuta kwa ufagio, kisha nikaanza kulitafuta.

Nilijaribu yote ninayoyajua. Nilikata utambi, nikaona moto wake uko wa buluu, mzuri. Nikalaza chupa ya maji isiyojaa juu ya frigo nione hewa inakimbilia upande gani, maana frigo ya petroli ikiinama kidogo tu inakataa kazi kama mzee aliyeudhiwa. Ilikuwa imenyooka. Pimajoto ikasema kumi na moja, na chanjo inataka isipite nane. Mama Esperansi alikuwa ameshahamishia chanjo zote kwenye glasieri, lile sanduku la baridi, pamoja na barafu za mwisho. Barafu zile zilikuwa zinayeyuka. Akina mama wenye watoto migongoni walikuwa wameshaanza kufika kutoka vijiji vya mbali, wengine wametembea siku nzima.

Kesho yake asubuhi frigo ilikuwa bado na joto. Ikabaki dawa moja tu, ya Papa Anselimi. Frigo ya aina ile ikikaa miaka mingi bila kusogezwa, vitu vya ndani vinagandamana na kuziba njia. Unazima moto, unaacha ipoe, halafu unaigeuza kichwa chini, miguu juu, unasikia ndani inanguruma kama tumbo, unaiacha kidogo, unairudisha. Nyingi zilifufuka hivyo. Lakini kugeuza kunataka wanaume sita wenye nguvu, na wanaume wote wa kijiji walikuwa kwenye baraza pembeni ya santere, wamejipanga mstari mbele ya mkuki.

Nikaenda kwa kapita. Alikuwa amevaa koti, jasho linamtoka.

"Kapita, niazime banaume sita."

"Nyuma ya kiapo, Mama."

"Barafu haijue kiapo. Ikiyeyuka, watoto bote bale hawapate chanjo."

Akafikiri. Nadhani alifurahi kupata sababu ya kuchelewesha. "Bainue frigo mbele, kisha baape. Lakini bafanyie hapa hapa mbele yetu. Muntu asitoroke kiapo akisema anabeba frigo."

Basi wakaitoa, wakaileta mpaka uwanjani, hatua chache kutoka baraza. Pastor alikuwa amesimama na mkono juu, Biblia imelala kwenye mkuki, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa Papa Zakaria, ameshakunja suruali mpaka magotini ili aruke vizuri. Wale sita wakashika pembe. Nikahesabu: moja, mbili, tatu. Frigo ikageuka kichwa chini.

Ikanguruma. Nikatabasamu. Halafu ikapiga mluzi.

Kwa nilichosikia puani wakati ule sikuhitaji kuazima pua ya mtu yeyote. Tundu dogo la kutu lililokuwa linatoa gazi kidogo kidogo lilipasuka, na amoniaki ikatoka yote kwa mara moja. Nikapiga kelele: "Kimbieni! Mukimbilie kule upepo inatokea! Mufunge macho!" Wale sita waliacha frigo wakaruka. Lakini upepo ulikuwa unakwenda baraza, na watu wa baraza hawakujua kitu. Waliona tu frigo imegeuzwa, na dakika hiyo hiyo macho yao yakajaa machozi.

Wakalia wote. Wazee, vijana, kapita, wale walinzi watano. Wanaume ambao hawakulia hata kwenye misiba ya wazazi wao walikuwa wanabubujika, makamasi yanashuka, wameshikana mabega. Na pastor, akiwa analia kuliko wote, akainua mikono.

"Roho ameshuka!" akalia. "Tubuni! Tubuni sasa!"

Jamani, wakatubu.

Papa Byamungu mwindaji akapiga magoti. "Ile mbuzi ya kwaya! Haikupotea! Ilinaswa mu mutego yangu, tukaikula!"

Mmoja wa walinzi akasema yeye ndiye anayekoroma kanisani, si baba mkwe wake aliyesingiziwa miaka yote. Mwingine akakiri kwamba hakuwahi kujua kusoma, kitabu cha nyimbo huwa anakishika tu. Na kapita, kofia mkononi, akalia: "Miye sikukuya kukagua! Niliweka chupa yangu ya pombe ya kasiksi mu frigo ya chanjo! Nilikuwa ninakuya kuichukua!"

Mama Esperansi, ambaye alikuwa anakimbia huku na huku na ndoo ya maji akiwaosha watu macho, akasimama. "Kasiksi?" akasema. "Na chanjo ya watoto?" Akammwagia ndoo yote kichwani. Sikujua kama ilikuwa matibabu.

Mkipata nafasi, andikeni hili: frigo ya chanjo haiwekwi pombe, haiwekwi samaki, haiwekwi hata ndizi ya munganga. Kila mlango ukifunguliwa, baridi inatoka na haiagi.

Upepo ulipobeba gazi yote, tukaketi, macho mekundu. Hapo nikasimama kuwaeleza. Nikasema ile ni gazi ya frigo, ndiyo harufu yenyewe, hakuna mtu aliyekojoa. Kapita, amelowa, akanitazama kwa huruma.

"Mama, chuma inaweza kukojoa namuna gani?"

Nikatoa kwenye mkoba kijiti cha sufuri, ile salfa ya kiberiti. Papa Anselimi aliniachia kopo zima. Unakiwasha, moshi wake ni mwembamba, hauonekani vizuri. Ukikipitisha karibu na bomba, pale amoniaki inapotoka, hata kama ni pumzi tu iliyobaki, moshi unageuka mweupe mzito. Nilikipitisha polepole, kiungo kwa kiungo. Hakuna. Hakuna. Nilipofika chini kabisa, nyuma, pale ambapo jana nilisugua kwa ufagio, moshi ukafumka kama wingu.

"Moshi mweupe!" akasema mzee mmoja Mkatoliki. "Tumepata Papa!"

Wengine walicheka, lakini niliona hawajaamini. Walitikisa kichwa kwa adabu, kama mnavyomtikisia mgeni. Kisha mzee aliyeleta mkuki akasema kiapo kikishaitishwa hakifungwi bila kuapa. Kama Mama Fundi anasema mwenye kosa ni frigo, basi frigo iruke mkuki.

Nilijaribu kukataa. Nilikuwa na elimu yangu, nilikuwa na sufuri yangu. Hawakunisikiliza. Wanaume wanne wakainua frigo, pastor akasogeza Biblia kidogo, wakaipitisha juu ya mkuki. Mmoja wao alikuwa bado haoni vizuri. Pembe ya frigo ikagonga mkuki, ikayumba, ikaanguka ubavu.

"Imejikwala!" kijiji kizima kikapiga kelele. "Iko mwongo!"

Na ndivyo Papa Zakaria alivyosafishwa jina. Mwaweza kufundishwa gazi zote za dunia, lakini mteja ataamini anachokiamini, na mara nyingine mnafika pamoja mahali pale pale kwa njia mbili. Kapita akatoa hukumu: frigo ifukuzwe santere, Papa Zakaria arudi kazini, na mke wake asimame mstari wa mbele kwenye kwaya. Mke yule akalia, na safari hii hakukuwa na gazi.

Mabomba ya aina ile hayaunganishwi porini. Yakitoboka, frigo imekwisha, inasubiri nyingine. Lakini chanjo hazikusubiri. Upande wa Mpofi kulikuwa na santere yenye frigo nzima, na njia ya kwenda kule ni ya miguu. Mama Esperansi akafungua glasieri, akatazama vichupa kimoja kimoja, vile vyenye alama ndogo inayokuwa nyeusi vikipata joto. Vichache akavitupa. Vingine vyote vilikuwa bado vizuri. "Nani atabeba?" akauliza. Macho yote yakaenda kwa kapita. Akavua koti lake lililolowa, akajitwika glasieri kichwani, akakata njia. Alirudi Jumapili asubuhi nayo hiyo hiyo, imejaa barafu ngumu. Na baada ya ibada watoto wakalia kwa sababu inayojulikana.

Mimi nilibaki nikiandika ripoti. Kuna karatasi tulikuwa tunajaza: mashine gani, tundu liko wapi, sababu gani. Nilipolichunguza lile bomba vizuri, kitu kilinisumbua. Kutu yake haikutoka ndani, kama kawaida ya uzee. Ilikula kutoka nje, mahali pamoja tu, chini, upana wa kiganja. Chumba kilikuwa kikavu, paa halikuvuja. Sikuelewa. Palipoandikwa "sababu", nikaacha wazi.

Papa Zakaria amepumzika sasa, Mungu amrehemu, ndiyo maana naweza kuwaambia yaliyobaki. Siku nilipoondoka alinisindikiza mpaka pale moto ilipokuwa inaningoja, amenibebea mkoba, amenikataza nisiuguse. Tulipofika akauweka chini, akaangalia nyuma kama kuna mtu.

"Mama Fundi, mu ripoti yako umeandika nini?"

"Nimeandika tundu moja, Papa. Kutu ilikula bomba kutoka inje. Sijue tu nini iliileta."

Akatazama viatu vyake.

"Mukojo inaweza kula chuma?" akauliza.

Nikamwangalia. "Inakula vizuri sana, Papa. Iko na chumvi."

"Basi Mungu ni mwema," akasema polepole, "sababu uligeuza ile frigo mbele sijaruka mukuki. Choo iko mbali, Mama. Na unaona miaka yangu. Ikinyesha, nilikuwa naenda kidogo pale nyuma ya frigo."

"Mara moja?"

Mzee akainua macho, mekundu bado, masafi kama ya mtoto.

"Mvua ilikuwa mingi ule mwaka."

Nilikaa juu ya pikipiki, nikatoa karatasi, nikaiweka kwenye goti langu. Pale penye "sababu" nikaandika: mvua.